Ngamia wa Garbatulla na Mkataba wa Hague

Mwaka 2016 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Ahmad al Faqi al Mahdi kifungo cha miaka 9 kwa kubomoa maziara ya Timbuktu. Hukumu ile sina ugomvi nayo. Ila mzee wa Garbatulla, kaskazini mwa Kenya, ana haki ya kuuliza: na ngamia wetu?

Wakati wa vita vya Shifta kati ya serikali ya Kenya na wapiganaji wa kaskazini, vilivyozuka mara baada ya uhuru wa 1963, Waborana wa Waso walizuiliwa kambini, Garbatulla na Merti, mbali na malisho. Mifugo mingi ilikufa, mingine ikapigwa risasi. Wenyewe wanakiita kipindi hicho Daaba. Mkataba wa Hague wa 1954, wa kulinda turathi vitani, ulikuwa tayari umeanza kutumika duniani, lakini waandishi wake walikuwa wametoka kuona makanisa na maktaba za Ulaya zikiteketea. Hivyo wakataja majengo, miswada, sanaa, makumbusho. Mfugaji anayehama harithishi jengo. Anarithisha zamu ya kunywesha kisimani, anayoipanga aba herega, na busa gonofa, yaani ukoo kumchangia mifugo aliyefilisika. Kundi zima likiisha, nani atamchangia nani?

Itifaki ya Pili ya 1977, nyongeza ya Mikataba ya Geneva, inasogea karibu, kisha inatenganisha. Kifungu cha 14 kinalinda mifugo na maji kwa kuwa raia hawaishi bila hivyo. Turathi imetengewa kifungu cha 16. Kwa Mborana, mgawanyo huo ni wa ajabu. Wosia wa Khalifa Abubakar kwa jeshi lililokwenda Sham, uliomo katika Muwatta ya Imam Malik, haukuuweka: watawa, miti ya matunda, kondoo na ngamia wanatajwa kwa mfululizo, na mnyama asichinjwe ila kwa kuliwa. Waislamu wa Garbatulla hawakuhitaji Geneva kuwafundisha hilo.

Wala sheria ya nchi haikuwasaidia: serikali iliwaita wapiganaji wa Shifta majambazi, na mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maofisa wasishtakiwe kwa waliyoyatenda kaskazini, Isiolo ikiwemo.

Mwaka uleule wa hukumu ya Timbuktu, UNESCO iliorodhesha mfumo wa Gada wa Waoromo wa Ethiopia, ndugu wa Waborana hawa, chini ya mkataba wa 2003 wa turathi zisizoshikika. Desturi imepata cheti. Mkataba huo, hata hivyo, hauna kifungu cha kumfikisha mahakamani anayeiangamiza kwa kumaliza mifugo.