Visi Platine na Karatasi ya Sigara

Mama mmoja alinijia na grupu lake la umeme juu ya kinga, yaani baiskeli, limefungwa kwa mpira wa tairi, na mkono wake wa kulia umevimba mpaka kwenye kiwiko. "Baba fundi, kamba inaniuma," akasema. Yeye anachaji simu za watu sokoni, na mashine ile ndiyo shamba lake. Kila akivuta kamba, injini inamnyang'anya, kana kwamba ndani yake kuna mtu naye anavuta. Alikuwa ameshaambiwa kwamba ni karburateri. Mimi sikuigusa karburateri. Nilifungua kifuniko cha volani, lile gurudumu zito la injini, maana mkono uliovimba namna ile nimeuona mara nyingi. Ni mkono wa mtu aliyepigwa na cheche iliyowahi mno.

Chini ya volani hukaa klaveti, kipande cha chuma chenye umbo la nusu mwezi, kidogo kama ukucha. Kazi yake ni kuishika volani isiteleze juu ya vilbrekeni, ambayo ndugu zetu wa Dar es Salaam huiita krenki. Sumaku imo ndani ya volani. Ikipita mbele ya bobini, cheche inaruka kwenye bujie, yaani plagi. Kwa hiyo anayeamua saa ya cheche ni kile kinusu mwezi. Mahali pake nilikuta kipande cha msumari. Fundi aliyekitia hapo simtaji. Nitasema tu kwamba msumari ni wa duara na tundu lake si la duara, na volani ilikuwa imesogea mbele kwa upana wa punje ya mchele.

Punje ya mchele ni kitu gani? Tupige hesabu. Grupu lile likitoa umeme huzunguka mara 3000 kwa dakika. Mzunguko mmoja unachukua milisekunde 20. Gesi ya esansi, yaani petroli, na hewa hailipuki papo hapo kama watu wanavyodhani. Moto hutembea kutoka kwenye bujie hadi ukutani mwa silinda, na safari hiyo inachukua milisekunde mbili au tatu. Milisekunde mbili kwa mwendo huo ni digrii 36 za vilbrekeni. Ukiwasha moto pistoni ikiwa imefika juu kabisa, nguvu itakuja wakati pistoni imeshaondoka. Ndiyo maana cheche inapigwa mapema, pistoni ikiwa bado inapanda. Sisi huita jambo hilo avansi. Lakini injini ikizunguka mara 600 tu kwa dakika, milisekunde zile zile mbili ni digrii saba na kidogo. Na mtu anayevuta kamba kwa mkono hafikishi hata hizo 600. Cheche ikiwahi mno, moto unaikuta pistoni njiani na kuirudisha chini ilikotoka, na kamba inarudi nayo, pamoja na mkono wa mama.

Madereva wa zamani walivunjwa mikono na hesabu hiyo hiyo.

Nimeshika kazi hii hapa Kamina tangu miaka ya 1970, na kila chombo nilipewa na jina lake la Kifaransa, nikalitumia kama mtu anavyotumia jina la babu asiyemjua. Bujie, bobini, manyeto, visi platine, delko. Nilikuwa mtu mzima tayari nilipoanza kuuliza majina hayo yalitoka wapi. Shuleni tulifundishwa wafalme wote wa Ubelgiji, lakini hakuna aliyetuambia kwamba Étienne Lenoir, aliyeuza injini ya gesi yenye cheche ya umeme mwaka 1860 huko Paris, alizaliwa mwaka 1822 Mussy-la-Ville, kijiji ambacho leo kiko ndani ya Ubelgiji. Cheche yake ilitoka kwenye betri na bobini ya Ruhmkorff. Injini ilikwenda polepole na haikuibana gesi kabla ya kuiwasha, kwa hiyo habari ya avansi haikumsumbua sana.

Iliwasumbua waliomfuata. Nikolaus Otto mwaka 1876 alianza kuibana gesi, na aliiwasha kwa mwali wa moto ulioingizwa kupitia mlango wa kuteleza. Gottlieb Daimler akaja na mrija wa chuma uliopashwa moto kwa nje mpaka ukawa mwekundu. Gesi ikibanwa inasukumwa ndani ya mrija, inakutana na wekundu, inawaka. Saa hapo ni ya nani? Haina mwenyewe. Kwenye injini za kusimama, fundi aliyetaka moto uwahi au uchelewe alisogeza kichomeo juu au chini ya mrija, kisha akasikiliza. Karl Benz alikataa mrija, akashika betri na bobini ya kutetemeka kwa gari lake la mwaka 1886, na ndiye aliyeliita suala la kuwasha tatizo la matatizo yote. Namwamini. Magari kumi yakiletwa kwangu hayawaki, nane ni moto na mawili ni mafuta, na wenyewe wote kumi wanasema ni mafuta.

Visi platine sasa. Jina hili nalipenda kuliko yote. Mwaka 1895 Georges Bouton, wa kampuni ya De Dion-Bouton, alitaka injini ndogo inayokimbia, mara 1500 kwa dakika, wakati za wenzake zilikuwa zikichoka karibu na nusu yake. Bobini ya kutetemeka hutoa mvua ya cheche, na katika mwendo huo huwezi kujua ni cheche ipi iliyowasha. Bouton akaweka kamu yenye pengo, na bapa la chuma lenye springi linalogusa ncha ya skurubu. Umeme ukikatika hapo, cheche inaruka. Ncha ya skurubu ilikuwa ya platini, kwa sababu chuma cha kawaida kingeliwa na vicheche vidogo vya pale pale. Visi ni skurubu, platine ni platini. Baadaye viwanda viliiacha platini vikatumia tangsteni, lakini jina halikubadilika, na nimeona vijana wakiokota visi platine zilizokufa wakidhani wataziuza kama dhahabu.

Mimi nilifundishwa kuzirekebisha kwenye Coccinelle, yaani Volkswagen ile ya mgongo wa mende, kwa karatasi ya sigara. Mwalimu wangu alikuwa na karakana ya mabati upande wa gare, na vipimo vyake vya chuma vilikuwa vimeibwa siku nyingi. Nafasi ya visi inatakiwa iwe milimita 0.4. Akishaipata kwa jicho, anageuza puli mpaka alama yake ilingane na mstari unaogawa bloki ya injini. Halafu anachana karatasi ya sigara, anaichomeka katikati ya visi, anaishika kwa vidole viwili, na mkono wa pili unazungusha delko, chombo kinachobeba visi hizo, taratibu sana, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Karatasi inabanwa, inabanwa, kisha inaachia. Pale inapoachia ndipo visi zinapofunguka, ndipo cheche inapozaliwa. Anakaza boliti bila kuongea. "Umesikia?" ananiuliza. Hakukuwa na kitu cha kusikia. Ilinichukua miezi mingi kujua kwamba alikuwa akiuliza habari za vidole.

Yeye mwenyewe hakuvuta sigara. Alikuwa ananunua pakiti kwa ajili ya karatasi tu, na sigara anawagawia wateja.

Kwa mji huu, fundi wa cheche ni mtu wa pembeni. Kamina ni mji wa treni. Reli ya kampuni ya BCK ilifika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 ikafunguliwa hadi Port-Francqui, Ilebo ya leo, ikipita hapa. Mwaka 1956 tukaunganishwa na Kabalo. Mashine za mvuke hazikuhitaji bujie, zilihitaji maji na makaa, na makaa yalichimbwa Luena. Baadaye mashine za mazuti nazo hazikuhitaji bujie, maana mazuti huwaka kwa joto la kubanwa peke yake, na saa yake inashikwa na pampu. Za umeme hatuna haja ya kuzisema.

Lakini mvuke na cheche ziliwahi kukutana katika nchi hii, na waliokuwa karibu hawakusahau. Mwaka 1915, reli ilipokuwa imeishia Fungurume, Waingereza walileta mashua mbili, Mimi na Toutou, kila moja na injini mbili za esansi zenye nguvu ya farasi 100, ili kupigana na Wajerumani katika ziwa Tanganyika. Toka Fungurume mpaka Sankisia zilivutwa kwa barabara iliyokatwa msituni, juu ya milima ya Mitumba, na trekta mbili za mvuke pamoja na ng'ombe na watu wengi. Trekta zikikosa maji, wanawake wa vijijini waliyabeba kichwani. Toka Sankisia, reli fupi ikazifikisha Bukama, na mto ukazichukua. Yaani injini nne za cheche zilipita katika ardhi ambayo leo ni jimbo letu la Haut-Lomami zikiwa zimelala. Na vita hivyo, Vita vya Kwanza vya Dunia, ndivyo vilivyowaonyesha Waingereza kwamba sehemu kubwa ya manyeto, mashine za sumaku za kutoa cheche, walizokuwa wakitumia ilikuwa inatoka kwa adui, Stuttgart, kwa Robert Bosch.

Bosch alianza mwaka 1887 na manyeto ya injini za kusimama. Mwaka 1897 akaifunga kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya De Dion-Bouton. Mwaka 1902 mtu wake, Gottlob Honold, akatoa manyeto ya volti kubwa na bujie yake. Hapo gari halikuhitaji tena betri ili liwake: waya ukizunguka katikati ya sumaku, umeme unajitoa wenyewe.

Manyeto niliijua kwa masikio kabla ya kuijua kwa jina. Miaka ya 1950 Wabelgiji walikuwa na shule ya marubani kwenye base yao ya hapa Kamina, Baka, na ndege zake zilikuwa Harvard. Injini ya Harvard ina silinda tisa, kila silinda bujie mbili, na manyeto mbili, moja ikifa nyingine inaendelea. Marehemu baba alikuwa msaidizi kule. Kabla ya kuruka, rubani hukaza injini, anazima manyeto moja, mlio unashuka kidogo kama mtu anayemeza mate, anairudisha, anazima ya pili. Sisi watoto tuliuigiza mlio huo tukicheza. Baba alisema: "Wanauliza kama moyo wa pili bado upo."

Delko ndilo jina la mwisho. Charles Kettering na mwenzake walianzisha kampuni Dayton, Ohio, mwaka 1909, Dayton Engineering Laboratories Company. Kata herufi za mwanzo, unapata Delco. Alirudisha betri, lakini kwa cheche moja safi badala ya mvua, na Cadillac ikaichukua. Hadi wakati huo avansi ilikuwa mkononi mwa dereva. Ford ya Modeli T, iliyotoka mwaka 1908, ilikuwa na wenzo wa cheche upande wa kushoto wa usukani. Ukisahau kuupandisha kabla ya kuzungusha manivele, mpini wa kuwashia injini kwa mkono, manivele inarudi na mfupa wa mkono unakatika. Delko za baadaye zikawekewa vipande viwili vya uzito na springi. Mwendo ukipanda, vinatanuka na kuisogeza kamu mbele. Hesabu ya digrii saba na digrii 36 ikaanza kufanywa na vipande viwili vya chuma, dereva akapumzika.

Leo pikipiki zote zinazonipitia zina kisanduku cheusi cha kupiga cheche, kisichofunguliwa. Kikifa unanunua kingine. Mwanafunzi wangu hajawahi kuona visi platine zikifanya kazi.

Mama yule nilimchongea klaveti mpya kwa tupa, nusu saa, nikiipima kwenye tundu kila mara. Volani ikakaa. Nikamwambia avute. Akaitazama kamba, akaficha mkono nyuma, akamwita mwanafunzi wangu avute yeye.

Liliwaka kwa mvuto wa kwanza. Mama akasubiri lizimwe, akaomba livutwe tena, akiwa bado amesimama mbali.