Mbwa Akistaafu Anakwenda Wapi?

Nimekuwa kimya wiki mbili na wengine mmeanza kuniuliza kama nimefukuzwa kazi. Hapana. Nina mgeni nyumbani. Mgeni mwenyewe ana miguu minne, mvi mdomoni, na sikio moja halisikii kabisa. Anaitwa Komando.

Komando alikuwa mbwa wa kampuni moja ya ulinzi, analinda ghala lililo jirani na ninapopanga. Kila nikirudi usiku kutoka chumba cha habari nilikuwa namkuta amelala miguuni mwa mlinzi wake, mzee mmoja ambaye mtaa mzima tunamwita Afande Babu. Siku moja nikamwamkia, "Shikamoo Afande." Akaitikia marahaba, kisha akaniambia kwamba Ijumaa wanakuja kumpumzisha Komando. Nikasema vizuri, amefanya kazi sana, acha aende likizo. Mzee akanitazama kama anavyotazamwa mtoto. "Mwanangu, hiyo ni likizo ya sindano."

Yeye anaishi chumba kimoja na wajukuu watatu, asingeweza kumchukua. Ijumaa nilikwenda mimi. Nikasaini karatasi moja, nikapewa na mnyororo.

Pale kijiweni wamenicheka mpaka basi. Mbwa mzee wa nini? Kama unataka mbwa tafuta mtoto umfundishe mwenyewe, samaki mkunje angali mbichi! Nami kwa kuwa ni mbishi, na kazi yangu ni kuuliza maswali, nikaanza kutafuta: wenzetu wenye majeshi makubwa ya mbwa, mbwa wao wakizeeka huwapeleka wapi? Nilichokikuta ni historia ndefu, na sehemu kubwa yake haipendezi.

Tuanze na Marekani mwaka 1942. Nchi ilikuwa imeingia vitani na jeshi halikuwa na mbwa wa kutosha. Kikaundwa chama cha kiraia kilichoitwa Dogs for Defense, kikawaomba wananchi watoe mbwa wao. Yaani mbwa wa nyumbani, wale wanaolala jikoni na kucheza na watoto. Familia moja ya Wren, ya mji wa Pleasantville katika jimbo la New York, ikamtoa mbwa wao aliyeitwa Chips. Julai 1943 Chips alishuka na askari ufukweni Sicily. Wakashambuliwa kwa bunduki ya rashasha kutoka kibanda kimoja. Chips akamponyoka mwongozaji wake, akaingia ndani ya kile kibanda peke yake, na muda si mrefu wanajeshi wa Kiitaliano wakatoka wamenyoosha mikono juu. Alipewa nishani, baadaye akanyang'anywa, kwa maelezo kwamba nishani za binadamu si za wanyama.

Lakini kinachonihusu mimi ni yaliyofuata. Vita vilipokwisha, mbwa wale walikuwa na wenyewe. Kuna mtoto mahali fulani anauliza mbwa wake anarudi lini. Kwa hiyo jeshi likalazimika kuwarudisha, na kabla ya kuwarudisha likalazimika kuwafundisha upya. Katika kituo cha Fort Robinson, Nebraska, mbwa aliyefundishwa kwamba kila mgeni ni adui alianza kufundishwa kinyume chake. Alishikwa na watu tofauti tofauti, si mmoja tu. Watu walimzunguka na baiskeli, wakapiga kelele karibu yake, huku wakimwangalia anafanya nini. Akitulia, daktari anampima, na mwenye mbwa anaandikiwa kuulizwa kama bado anamtaka. Maelfu walirudi makwao kwa njia hiyo. Chips alifika nyumbani Desemba 1945, akafa mwaka uliofuata.

Nilivyosoma habari ya baiskeli nilicheka peke yangu, kwa sababu Komando alikuwa na ugonjwa huohuo. Muuza maziwa akipita na baiskeli, mzee wa watu anaruka kama ana miaka miwili. Nikamuomba yule kijana wa maziwa awe anapita polepole, mbali, halafu kila siku karibu kidogo, na mimi namtupia Komando kipande cha dagaa kila baiskeli inapopita. Siku ya tisa aliinua kichwa, akaitazama, akalala tena. Wa kijiweni na samaki wao waje waone.

Turudi kwenye historia. Baada ya vita vile jeshi la Marekani lilibadili utaratibu, likaacha kuazima mbwa wa raia na kuanza kununua wa kwake. Linaonekana jambo dogo la manunuzi, lakini kwa maoni yangu hapo ndipo kila kitu kilipoharibika. Mbwa wa kuazima ana kwao. Mbwa aliyenunuliwa ana namba tu, tena iliyochorwa sikioni, na kwenye vitabu anahesabiwa pamoja na vifaa. Na sisi tunaofahamu ofisi za serikali tunajua mwisho wa kifaa chakavu.

Vietnam ndiko hesabu ilikofika. Mbwa takribani 4,000 walitumika katika vita vile. Walinusa mitego, walilinda viwanja vya ndege, walitangulia mbele ya doria usiku. Wanajeshi wengi waliorudi salama wanasema wazi kwamba ni mbwa aliyewarudisha. Mbwa wenyewe waliorudi ni kama 200 hivi. Wengine walikufa vitani au kwa magonjwa, lakini wengi walikabidhiwa jeshi la Vietnam Kusini au walichomwa sindano, kwa sababu walihesabiwa kuwa vifaa vya ziada. Kuna waongozaji waliolia hadi uzeeni kwa sababu hiyo. Walipanda ndege, na mbwa akabaki amefungwa anawatazama.

Aliyepata bahati ni kama Nemo, mbwa wa jeshi la anga aliyepoteza jicho moja Desemba 1966 wakati uwanja wa Tan Son Nhut uliposhambuliwa. Yeye alirudishwa Texas, akafa huko mwaka 1972. Lakini alikuwa shujaa wa magazetini. (Sisi waandishi tuna faida zetu, msitudharau.) Mbwa asiyeandikwa gazetini hakuwa na mtu wa kumuulizia.

Hali ikaendelea hivyo kwa miaka mingi. Mbwa wa jeshi akichoka alipelekwa kambi ya Lackland, Texas, akatumika kufundishia waongozaji wapya, na akishindwa hata hilo, sindano. Hoja ya jeshi ilikuwa kwamba mnyama aliyefundishwa kung'ata hawezi kuachiwa raia. Akimng'ata mtoto nani atalipa? Si hoja ya kijinga, nakiri. Mimi mwenyewe usiku wa kwanza nililala nimefunga mlango wa chumba kwa komeo. Lakini mwaka 1945 jeshi hilohilo lilikuwa limeshalijibu swali hilo kwa vitendo, likalisahau.

Aliyebadilisha mambo ni mbwa aitwaye Robby. Alikuwa mbwa wa kikosi cha Marine, viungo vimeharibika, anatembea kwa shida. Mwongozaji wake wa mwisho aliomba amchukue akapumzike nyumbani. Akakataliwa, kwa kuwa sheria haikuruhusu. Habari ikafika magazetini, ikafika kwa mbunge Roscoe Bartlett wa Maryland, naye akapeleka muswada. Novemba 2000 Rais Bill Clinton akausaini kuwa sheria, na watu wakauita Sheria ya Robby. Tangu hapo mbwa wa jeshi aliyestaafu anaweza kuchukuliwa na mwongozaji wake, na polisi, au na raia anayeweza kumtunza, na anayemchukua anakubali kwamba serikali haitadaiwa akileta madhara.

Robby mwenyewe hakunufaika. Alikuwa amechoka mno. Januari 2001 alichomwa sindano, hajafika kwa yule aliyemuomba.

Walionufaika ni wa baadaye. Machi 2007 huko Fallujah, Iraq, kombora lilimuua koplo Dustin Lee, na mbwa wake Lex akajeruhiwa pamoja naye. Wazazi wa Lee wakaomba wapewe Lex, na Desemba mwaka huohuo wakapewa. Alikuwa mtu mzima wa miaka kama minane, na vipande vya chuma bado viko mwilini. Akaishi nao, akawa anapelekwa hospitali kuwatembelea wanajeshi wa zamani, mpaka alipokufa mwaka 2012. Na mwaka 2015 sheria iliongezwa makali, kwamba mbwa aliyemaliza kazi ng'ambo arudishwe nyumbani, na waongozaji wake wafikiriwe kwanza.

Msije mkadhani haya ni ya Wazungu tu. Hapa kwetu Morogoro, pale Chuo Kikuu cha Sokoine, APOPO wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania akaenda kufanya kazi Kambodia, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na PDSA ya Uingereza, shirika lilelile ambalo Januari 2018 lilimpa Chips nishani yake, miaka zaidi ya 70 baada ya kufa. Magawa alistaafu rasmi Juni 2021, akatunzwa mpaka alipokufa Januari 2022. Panya wa Kitanzania amestaafu kwa heshima kuliko mbwa 4,000 wa Vietnam. Mhariri wangu angekata sentensi hiyo, lakini hapa mhariri ni mimi.

Sasa Komando. Bwana mifugo alikuja, akamchoma chanjo ya kichaa cha mbwa, akamkagua meno, akasema hapungui miaka kumi. Nyonga zinamuuma, ndiyo maana anachelewa kuinuka asubuhi. Nimemwekea godoro kuukuu kibarazani, maana sakafu ya saruji ilikuwa inamkaza. Sakafu ya vigae ya mama mwenye nyumba ilikuwa inamtelezesha, nikatandika jamvi. Ugali na dagaa, mara mbili kwa siku, kidogo kidogo, saa ileile. Nikimwendea amelala napiga mguu chini kwanza ili asikie mtikisiko, kwa sababu mbwa asiyesikia ukimgusa ghafla anaweza kung'ata kabla hajajua ni wewe.

Mama mwenye nyumba ni mtu wa swala tano, na nilijua hapo ndipo kazi ilipo. Nilimwendea kwa adabu kabla ya kumleta. Akasema, "Mwanangu, asiingie ndani, asiguse vyombo vyangu, na bakuli lake lisioshwe kwenye karo langu. Mengine ni kiumbe wa Mungu." Tumeyashika masharti hayo. Juzi nilirudi nikakuta bakuli la maji limejazwa, na mimi nilikuwa sijalijaza.

Jioni Afande Babu hupita akienda kazini, ghala limewekwa mbwa mwingine, kijana. Komando huwa anamsikia, sijui kwa sikio gani, kabla hajakata kona. Anasimama, kwa tabu, anakwenda hadi getini. Mzee anaingiza vidole katikati ya nondo, wanakaa hivyo dakika tano hivi. Siku za mwanzo mzee akiondoka Komando alikuwa anabaki pale getini mpaka usiku. Wiki hii anamsindikiza kwa macho hadi kona, halafu anarudi kwenye godoro.