Kitumbula: tarehe ya karai la Katanga

Mtu wa Zanzibar akisikia kitumbua anauona mchele ulioloweshwa usiku kucha, ukasagwa kwa tui na iliki, ukachomwa kwenye chuma chenye vishimo. Akifika Lukafu, chini ya mlima Kundelungu, atapewa kitumbula cha unga wa ngano, cha mviringo, kilichoogelea katika mafuta. Jina limeongezewa sauti moja tu. Kilichogeuka ni kitu chenyewe.

Katikati ya karne ya 19 Msiri alitoka Unyamwezi, akaisimamisha dola yake Bunkeya, magharibi ya hapa, na misafara ya shaba, pembe na watumwa ikaiunganisha nchi hii na pwani zote mbili. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891. Wabelgiji walikaa Lofoi, kisha Lukafu, ambako ofisa wao Edgard Verdick alikuwa akikusanya mimea mwaka 1900. Wakati huo mji wa Lubumbashi ulikuwa haujakuwapo. Reli ya kusini iliufikia mwaka 1910. Mimi naamini jina la kitumbula lilitangulia reli, likaja vinywani mwa wapagazi pamoja na Kiswahili chenyewe, likatua mahali pasipo na mnazi. Wala halikukoma hapa. Zambia wanaita vitumbuwa maandazi yao ya ngano. Malawi, zitumbuwa ni ndizi mbivu zilizopondwa pamoja na unga wa mahindi. Kila nchi ilichukua jina ikatia ilichonacho.

Kwetu kilichokuwapo kilikuwa mposho. Kampuni ya migodi, Union Minière, ilimgawia mfanyakazi chakula cha nyumba nzima, na kampuni ikaitwa baba. Mrithi wake, Gécamines, mwaka 1986 alitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na kufikia 1993 shaba haikufika tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kwa kiinua mgongo cha mara moja. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi amekiita kitabu chake cha 2001 kwa maneno ya uchungu: wana wa Shaba walioachwa na baba yao.

Baba alipoondoka, mama aliweka karai juu ya mbabula, jiko la makaa. Tarehe za Lubumbashi zimejaa shaba, na hilo linanisikitisha, kwa sababu daftari nyingi za shule katika mitaa yake ya Kenya na Katuba zilinunuliwa kwa bitumbula.

Mtazame akifanya kazi. Unga umeumuka tangu usiku, umefunikwa kitambaa. Alfajiri anachovya vidole katika maji, anachota, anakamua ngumi, na donge linachomoza kati ya kidole gumba na cha shahada. Analitupia katika mafuta bila kurusha hata tone. Likishaiva chini hujigeuza lenyewe. Lisipojigeuza analigusa kwa kijiti. Mteja wa kwanza ni mtoto wa shule, wa pili ni mtu wa baiskeli ya makala. Hapimi kwa kijiko wala kwa saa. Anapima kwa sauti ya mafuta.

Kazi kama hii iko pia ng'ambo ya Atlantiki: katika mji wa Salvador, Brazil, wanawake weusi waliovaa nyeupe hukaanga acarajé, kunde zilizosagwa na kuchovywa katika mawese. Jina lake limetoka kwa Wayoruba, àkàrà, nalo lilivuka bahari na watu waliouzwa. Mwaka 2005 serikali ya Brazil iliandika kazi ya wanawake hao katika daftari la urithi wa taifa. Haikuandika chakula peke yake; iliandika kazi, pamoja na mikono inayoifanya.

Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili tarehe ya Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kama walivyoijua maboi wa Wazungu. Mama zetu wa karai wanastahili ya kwao. Wewe unayesoma, kesho asubuhi ukinunua kitumbula, muulize mama alianza mwaka gani na nani alimfundisha, kisha uandike.