Uraibu wa Kokeini: Majaribio ya Tiba kwa Dawa za Kuchangamsha

Ni rai ya baadhi ya matabibu kwamba mtu aliyetekwa na kokeini, ambayo humchangamsha ghafla kisha ikamwacha katika huzuni na uchu, huenda akanusurika kwa dawa ya jamii hiyohiyo, mathalani deksiamfetamini, imezwayo kwa kipimo na kutenda kazi polepole. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2016, yaliyokusanya majaribio 26, yalionyesha kwamba waliopewa dawa hizo waliacha kokeini kwa kiasi fulani zaidi, lakini ushahidi wenyewe ulikuwa dhaifu, na wagonjwa hao hawakudumu katika matibabu zaidi ya wenzao wasiozipewa. Ndiyo maana tahadhari ni wajibu, hasa kwa mwenye maradhi ya moyo.

Tanzania ilianza na tiba ya uraibu wa heroini: Februari 2011, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua huduma ya methadoni, dawa ya maji ambayo mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Methadoni haitibu kokeini. Lakini imefunza jambo kubwa, kwamba dawa njema bila ukaribu haimfai mja. Mwaka ule mkazi wa Mikumi, kwenye barabara kuu iendayo Zambia, au wa Kilosa, kwenye Reli ya Kati, angelazimika kuhamia Dar es Salaam ili apate dozi yake ya kila siku. Jaribio lolote la dawa za kuchangamsha, ambazo zenyewe zaweza kuuzwa kwa magendo, litahitaji usimamizi kama ule wa methadoni, pamoja na ushauri nasaha.