Historia ya Kuchora Takwimu, Kutoka Bamba la Shaba hadi Programu za Mtandaoni

Infografiki, yaani mchoro unaounganisha takwimu, picha na maneno machache ili jambo lieleweke haraka, siku hizi hutengenezwa kwa programu zinazofunguliwa ndani ya kivinjari bila kusakinishwa kwenye kompyuta, na wanaozichagua aghalabu huangalia bei, wingi wa violezo na wepesi wa kuzitumia. Historia ya kazi hii inaonyesha kwamba kuna jambo zito kuliko hayo, kwa kuwa kila chombo cha kuchorea takwimu huja na kanuni zake, na anayekichagua huwa amezikubali, ajue asijue.

Mskoti William Playfair, aliyewahi kuwa mchoraji katika kiwanda cha Boulton na Watt mjini Birmingham, alichapisha mwaka 1786 atlasi ya biashara na siasa ambayo karibu michoro yake yote ilikuwa grafu za mstari, zilizochongwa kwenye mabamba ya shaba na kutiwa rangi kwa mkono. Mchoro mmoja tu ulitofautiana na mingine, nao ulihusu Scotland, ambayo Playfair hakuwa na takwimu zake za miaka mfululizo. Kwa hiyo alichora mihimili iliyolala, kila nchi iliyofanya biashara na Scotland ikiwa na mihimili yake ya bidhaa zilizoingia na zilizotoka katika mwaka mmoja. Mwenyewe aliuona mchoro huo kuwa na upungufu kwa sababu haukuonyesha mwendo wa wakati, ilhali leo grafu ya mihimili ni miongoni mwa zinazotumiwa zaidi duniani. Katika kitabu chake cha mwaka 1801 aliigawa duara kuonyesha sehemu za milki ya Waturuki zilizokuwa Asia, Ulaya na Afrika, na huo ndio mwanzo wa chati duara.

Hatua iliyoizaa infografiki kwa sura yake ya sasa ilipigwa Vienna, ambako mwaka 1925 mwanafalsafa na mwanauchumi Otto Neurath alianzisha makumbusho ya jamii na uchumi, wakati manispaa ya mji huo, iliyoongozwa na wasoshalisti, ilikuwa ikijenga nyumba kwa ajili ya wafanyakazi na ikitaka wananchi waelewe mambo ya makazi, afya na ajira. Neurath aliamini kwamba mfanyakazi asiye na elimu ndefu ana haki ya kuzisoma takwimu za nchi yake. Kazi iligawanywa: mtaalamu alikusanya tarakimu, msanii Gerd Arntz alichonga alama kwenye linoleamu ili zichapwe kwa sura ileile kila mara, na kati yao alisimama mgeuzaji, cheo kilichoshikwa hasa na Marie Reidemeister, ambaye aliamua ni tarakimu zipi zionyeshwe, zilinganishwe na nini, na zipi ziachwe.

Kanuni yao kuu ilikuwa kwamba kiasi kikubwa huonyeshwa kwa alama nyingi zaidi, wala si kwa alama kubwa zaidi. Sababu yake ni ya kihesabu: picha ya mtu ikikuzwa mara mbili kwa urefu huongezeka mara mbili kwa upana pia, hivyo eneo lake huwa mara nne, na jicho hupokea habari ya uongo japokuwa tarakimu iliyoandikwa kando ni ya kweli. Kanuni hiyo inastahili kuhesabiwa miongoni mwa michango mikubwa ya karne ya 20 katika elimu ya umma.

Mwaka 1934, baada ya wasoshalisti kushindwa Austria, kundi hilo lilihamia The Hague, na mwaka 1940 Otto na Marie wakawakimbia Wanazi hadi Uingereza. Otto alifariki mwaka 1945, naye Marie, ambaye tayari alikuwa mkewe, aliiendeleza kazi hiyo; katika miaka ya 1950 alishirikiana na serikali ya jimbo la magharibi la Nigeria kuandaa vijitabu vya umma, ambavyo vililazimu alama za Vienna zichorwe upya zifanane na watu na mavazi ya huko.

Programu za mtandaoni zilizuka kwa wingi miaka ya mwanzo ya 2010: Piktochart nchini Malaysia, Infogram nchini Latvia, Canva nchini Australia, Datawrapper nchini Ujerumani. Zote huuweka mkononi mwa mtu mmoja uchongaji uliokuwa wa Arntz, lakini hazilingani katika kazi ya mgeuzaji. Canva humkaribisha mtumiaji kwa kiolezo kilichokwisha kupambwa, ambamo picha yoyote hukuzwa kwa kuvutwa pembeni bila kizuizi. Datawrapper, iliyobuniwa kwa ajili ya waandishi wa habari, huanza na jedwali la takwimu, na mihimili yake huanzia kwenye sifuri. Kwa bango la tangazo, ya kwanza inafaa zaidi. Kwa ripoti ya bajeti au ya ugonjwa wa mlipuko, ambamo kosa la kipimo linaweza kupotosha uamuzi, ya pili ndiyo salama. Mpaka kati ya mikondo hii miwili ulianza kufifia mwaka 2022, Canva ilipoinunua Flourish, programu ya Uingereza ambayo nayo huchora kutoka kwenye jedwali.