Jordan, Pippen na Wanje wa Mwadorikola

Ukitaka kujua mtu ni wa rika gani hapa Kilifi, muulize nani mchezaji bora wa mpira wa kikapu aliyewahi kutokea duniani. Mwenye mvi atasema Jordan kabla hujamaliza swali. Wa makamo atasema Kobe. Vijana wa chuo watakuambia LeBron, na wadogo zao Curry, tena kwa kurusha mkono hewani kana kwamba kikapu kiko juu ya mnazi. Kisha huja hesabu ya pete: Jordan 6, Kobe 5, LeBron 4, Curry 4. Hapo mbishi hunywa kahawa yake akaona amefunga kesi.

Hesabu hiyo ndiyo inayonikera. Robert Horry ana pete 7: mbili za Houston, tatu za Los Angeles, mbili za San Antonio. Sijawahi kusikia mtu, hata akiwa na kibuyu kizima cha mnazi tumboni, akidai kwamba Horry ni bora kuliko Jordan. Sam Jones ana pete 10 na barazani hatajwi kabisa, kwa sababu alizipata Boston akicheza na Bill Russell, mwenye 11. Kwa hivyo kila mbishi anajua kimoyomoyo kwamba pete ni ya timu. Analisahau tu akifika kwa jina analolipenda.

Nadhani sababu moja ni namna mchezo wenyewe unavyotufikia. Huku mpira wenyewe ni wa miguu. Wa kikapu ni wa wachache, na anayetaka kuona fainali ya NBA moja kwa moja lazima awe macho saa kumi alfajiri, waadhini wakitafuta kandambili. Wengi wetu tunaamka tukaona vipande kwenye simu. Na kipande cha sekunde kumi kinamwonyesha aliyerusha mpira ukaingia. Aliyesimama kama nguzo ili beki ajigonge kwake, mrushaji apate nafasi, huyo amekatwa. Tumejifunza historia ya mchezo huu kwa vipande ambavyo nusu ya watu wameondolewa.

Mwaka 2020 ulitusaidia kidogo. Tarehe 8 Aprili serikali ilifunga mipaka ya kaunti yetu kwa sababu ya korona, kafyu nayo ilikuwa imeanza Machi, na siku chache baadaye ikatoka filamu ya vipindi kumi, The Last Dance, kuhusu Chicago Bulls. Watu waliokuwa wamefungiwa ndani waliitazama mwanzo hadi mwisho, wakapitishiana. Filamu ni ya kumtukuza Jordan, hilo halina ubishi. Lakini baada ya hapo nilianza kusikia jina jipya barazani, la Scottie Pippen, na watu wakiuliza kwa hasira: huyu alikuwa analipwa hivi kwa nini?

Swali la haki. Msimu wa 1997-98 Jordan alilipwa dola milioni 33 na kitu. Pippen alilipwa milioni 2.775, na ndani ya timu yake mwenyewe kulikuwa na watu watano wanaompita mshahara. Alikuwa amesaini mkataba mrefu mwaka 1991. Alikuwa kitinda mimba katika watoto 12 wa mji mdogo wa Hamburg, jimbo la Arkansas, baba yake na kaka yake wote wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Mtu wa namna hiyo hasubiri bei ipande. Anachukua iliyopo mezani akaitunze familia. Hapa Kilifi hilo halihitaji maelezo marefu.

Sasa tuangalie Jordan kabla ya Pippen. Aliingia ligi mwaka 1984. Tarehe 20 Aprili 1986 aliwafunga Boston pointi 63 katika mchezo ulioongezwa muda mara mbili, na Bulls wakapoteza, kisha wakatolewa bila kushinda hata mchezo mmoja. Pippen na Horace Grant walifika mwaka 1987. Hata hapo haikuwa rahisi. Detroit waliwatoa 1988, 1989 na 1990. Pete ya kwanza ilikuja 1991, mwaka ule ule daraja la Kilifi lilipotupumzisha na feri. Katika fainali hiyo, baada ya Bulls kupoteza mchezo wa kwanza, kazi ya kumkaba Magic Johnson iliangukia zaidi kwa Pippen, na Lakers hawakushinda tena. Mwaka 1993, kikapu kilichowamaliza Phoenix kilikuwa cha John Paxson. Mwaka 1997, kilichowamaliza Utah kilikuwa cha Steve Kerr, kwa pasi ya Jordan mwenyewe.

Ushahidi ambao mashabiki wa Jordan hawaupendi ni huu. Msimu wa 1992-93, Jordan akiwepo, Bulls walishinda michezo 57. Akastaafu. Msimu uliofuata, bila yeye, walishinda 55. Michezo miwili tu! Ni kweli hawakuchukua kombe, na ni kweli pia kwamba katika mchujo wa mwaka huo dhidi ya New York, Pippen alikataa kuingia uwanjani zikiwa zimebaki sekunde 1.8, kwa kuwa kocha alikuwa amempangia Toni Kukoč mtupo wa mwisho. Kukoč akafunga. Simtetei Pippen katika hilo, ilikuwa aibu. Lakini timu iliyoondokewa na anayeitwa mungu wa mchezo ikapungukiwa michezo miwili, basi pale palikuwa na watu.

Huku kwetu tuna kesi kama hii, ya zamani kuliko NBA yenyewe. Kila mtoto wa Kilifi anamjua Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyewasimamisha watu dhidi ya Waingereza mwaka 1913. Ana sanamu Malindi, ana tamasha, ana nafasi katika vitabu vya shule. Sasa muulize mtoto huyo huyo Wanje wa Mwadorikola ni nani. Atakutazama tu. Wanje ndiye aliyekuwa naye katika kuwaapisha watu Kaya Fungo, wanawake kwa kiapo chao na wanaume kwa chao. Walikamatwa wote wawili Oktoba 1913, wakapelekwa wote wawili Kisii, wakatoroka wote wawili Januari 1914 na kurudi pwani, safari ya kutoka upande mmoja wa nchi hadi mwingine. Waliporudishwa kutoka kifungoni mwaka 1919, Mekatilili aliongoza baraza la wanawake na Wanje la wanaume. Simpunguzii Mekatilili hata chembe. Ila nikisikia hadithi yake ikisimuliwa kana kwamba alitembea peke yake kutoka Kisii, nahisi vile vile ninavyohisi nikiambiwa Jordan alichukua pete sita.

Mashekhe wa barazani, na wapo wanaoujua mchezo huu kuliko vijana, watanikatiza hapa. Watasema: na Hakeem je?

Hiyo ndiyo hoja ngumu, na ni haki yao kuileta. Hakeem Olajuwon alitoka Lagos, mtoto aliyekuwa akicheza mpira wa mikono, akafika Houston mwaka 1980. Mwaka 1984 alichaguliwa wa kwanza, Jordan wa tatu. (Wa pili alikuwa Sam Bowie. Portland walimchukua yeye badala ya Jordan kwa sababu walikuwa tayari na Clyde Drexler katika nafasi ile. Hata makosa makubwa ya mchezo huu hutokana na swali la nani yuko pembeni ya nani.) Msimu wa 1993-94 Olajuwon alikuwa mchezaji bora wa ligi, mlinzi bora wa ligi na mchezaji bora wa fainali, kwa mpigo mmoja. Katika timu yake hakuna mwingine aliyekuwa nyota wa kuchaguliwa mwaka huo. Na Februari 1995, Ramadhani ikiwa imeangukia mwezi huo, alicheza amefunga na bado akatajwa mchezaji bora wa mwezi. Pwani hii mtu akilisikia hilo, mjadala umekwisha.

Mimi mwenyewe nikibanwa nichague msimu mmoja wa mtu mmoja, nachagua huo wa 1994. Lakini hata huo una watu ndani yake. Mchezo wa tatu wa fainali na New York uliokolewa na Sam Cassell, kijana wa msimu wa kwanza, aliyefunga pointi saba za mwisho. Mchezo wa saba, Vernon Maxwell alifunga 21. Na Houston walipoyumba mwaka uliofuata walifanya nini? Walimleta Drexler, rafiki wa Olajuwon tangu chuo kikuu, wakaanza mchujo wakiwa nafasi ya sita na kumaliza wakiwa mabingwa.

Malindi ni mji wa Kobe. Huenda ni kwa sababu ya Waitaliano: Kobe alikulia Italia, baba yake akicheza huko, na aliongea Kiitaliano sawasawa, jambo ambalo vijana wa ufuoni waliojifunza lugha hiyo kwa watalii hulisema kwa fahari kama kwamba ni binamu yao. Kobe alichukua pete tatu na Shaquille O'Neal. Shaq alipoondoka, Kobe alifunga pointi 81 katika mchezo mmoja, Januari 2006, na msimu huo huo timu yake ikatolewa raundi ya kwanza. Pete mbili za mwisho zilikuja baada ya Februari 2008, Lakers walipompata Pau Gasol kutoka Memphis.

Biashara hiyo ina mkia mrefu, na unafika hadi Dar es Salaam. Miongoni mwa vitu Memphis walivyopata kwa kumtoa Pau ni haki ya kumsajili mdogo wake, Marc. Akaja, akashika nafasi ya kati. Juni 2009 Memphis hao hao, wakiwa na Marc, wakamchagua wa pili Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kufika NBA. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa Stephen Curry.

Nimesikia viwanjani kijana mrefu akiangusha mpira na wenzake wakimwita "Thabeet". Ni tusi. Thabeet amekuwa mfano wa mtu aliyepewa kila kitu akashindwa. Lakini tazama alikotoka. Alianza kikapu akiwa na miaka 15 hivi. Chuo kikuu cha Connecticut alikuwa miongoni mwa walinzi bora nchini Marekani, akasaidia timu kufika nne bora mwaka 2009. Kule kazi yake ilikuwa kusimama chini ya kikapu na urefu wake wa mita 2.21 akiwafukuza watu, huku wenzake wakishambulia. Kanuni za vyuo zinaruhusu. NBA mlinzi asiyemkaba mtu haruhusiwi kukaa eneo lile zaidi ya sekunde tatu. Yaani kile alichokijua zaidi kilikuwa kosa. Na mbele yake kwenye foleni yuko Marc Gasol, ambaye angekuja kuwa mlinzi bora wa ligi. Februari 2010 Memphis walimteremsha ligi ya chini.

Sitasema yote yalikuwa ya wengine. Baadaye alikaa Oklahoma City na Durant na Westbrook, na bado hakung'ara. Mikono yake ilikuwa mizito na miguu ilichelewa. Ninachosema ni kwamba mizani inayompa Jordan pete sita peke yake ndiyo inayompa Thabeet fedheha peke yake.

Anayetaka kupima mizani hiyo amtazame Bismack Biyombo wa Lubumbashi, jiji lenye Kiswahili chake. Msimu wake wa kwanza, 2011-12, alikuwa Charlotte: ushindi 7, vipigo 59, asilimia mbaya kuliko zote katika historia ya ligi. Wangeweza kumwita Thabeet naye. Mwaka 2015 alichukuliwa na Toronto ya Masai Ujiri, ambaye mama yake ni Mkenya, akawekwa pamoja na Kyle Lowry na DeMar DeRozan, watu wa kufunga, yeye akaachiwa kazi za jikoni. Mei 2016 Cleveland ya LeBron ilifika Toronto ikiwa imeshinda michezo kumi mfululizo ya mchujo. Ikapigwa 99 kwa 84. Biyombo aliokota ribaundi 26.

Juzi nilizitaja ribaundi hizo barazani. Mtu wa Jordan akaniuliza, sawa, alifunga pointi ngapi? Nikamwambia saba.