Gari Dogo la Umeme: Je, Lingefaa Hai Cinema?

Mwezi wa Novemba 2011, Chuo Kikuu cha Makerere kilizindua Kiira EV, gari la umeme la watu wawili. Betri ikijaa, lilikadiriwa kwenda kilomita 80 hivi. Kutoka Kampala lingefika Jinja, lakini lisingerudi bila kuchajiwa.

Kwa safari za mjini, hata hivyo, kilomita hizo zinatosha. Mkazi wa Hai Cinema, mtaa wa jijini Juba, huenda soko la Konyo Konyo na kurudi kwa kilomita chache tu.

Historia inatuonyesha penye shida. Mwanzoni mwa karne ya 20, magari ya umeme yalipendwa katika miji ya Marekani kwa kuwa hayakuwa na moshi wala kelele. Yalishindwa na magari ya petroli yaliyouzwa kwa bei nafuu, hasa Ford Model T ya 1908. Tena, vijijini umeme haukuwapo.

Juba nayo iliishi kwa jenereta miaka mingi. Mtambo wa megawati 33 uliozinduliwa huko mwaka 2019 ulikuwa wa mafuta. Uganda hupata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka Mto Nile, na maji hayohayo hupita Juba.

Kwa hiyo tunashauri: kabla ya kuuliza gari litafika wapi, mkazi wa Hai Cinema aulize kwanza bei ya umeme, na saa ambazo haukatiki.